Sura ya Nne: William, Jina Lililokuja na Jeshi

Ukimpa mtoto jina la Baraka, Rehema au Subira, hakuna atakayekuuliza maana yake. Ukimwita William, wataanza. Katekista atauliza, shangazi atauliza, na mtoto mwenyewe akifika darasa la tatu atarudi nyumbani na swali hilohilo, kwa sababu mwenzake Godlove amejieleza vizuri mbele ya darasa na yeye ameshindwa. Wazazi wengi hujibu, “Ni jina la babu yako,” na husema hivyo kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayekwepa deni.

Wasione haya. Jibu hilo lina uzito kuliko lile lililomo kwenye vitabu vya majina. Jina William halikuenea duniani kwa uzuri wa maana yake. Lilienea kwa sababu ya watu waliokuwa nalo, na wa kwanza wao aliyelipa nguvu alikuja na meli, farasi na mishale.

Nia na chapeo

Hata hivyo maana ipo, tuitoe kwanza. William limetokana na lugha za Kijerumani za kale, yaani ile jamii ya lugha iliyozungumzwa Ulaya ya kaskazini na ambayo baadaye ilizaa Kijerumani cha leo, Kiholanzi na Kiingereza. Lina vipande viwili. Cha kwanza, *wil*, ni nia au utashi. Cha pili, *helm*, ni kofia ya chuma ya vitani, ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kama chapeo.

Vitabu vya majina hupenda kuviunga vipande hivyo na kutuandikia “mlinzi mwenye nia thabiti”. Inapendeza masikioni, lakini wazee waliotoa majina hayo hawakuwa wakitunga sentensi. Walikuwa na ghala la vipande: nia, chapeo, amani, mkuki, mbwamwitu, jiwe, utajiri. Mtoto akizaliwa, walichukua kipande huku na kipande kule, mara nyingi kutoka majina ya wazazi au ndugu, wakaviunga. Mfano mzuri ni Askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki mwaka 1095. Baba yake aliitwa Æthelstan, mama yake Wulfgifu. Wakakata nusu ya jina la mama, nusu ya jina la baba, wakapata Wulfstan. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata “mbwamwitu-jiwe”. Hakuna mzazi aliyemtakia mwanawe awe mbwamwitu-jiwe. Walichotaka ni kwamba anayelisikia jina hilo ajue mtoto ni wa nani.

Wilfred na Anselm ni ndugu wa William kwa njia hiyo. Wilfred kachukua nia akaiunga na amani. Anselm kachukua chapeo akaiweka nyuma ya jina la Mungu.

Mtoto wa Falaise

Kabla ya karne ya 11 akina William walikuwepo Ufaransa na Ujerumani. Mmoja, binamu wa mfalme Charlemagne, alipigana vita nyingi, kisha akajenga monasteri ya Gellone mwaka 804 na kumalizia maisha yake humo kama mtawa. Uingereza jina hilo lilikuwa la wageni. Waingereza wenyewe waliitana Harold, Godwin, Leofric, Edith, Edward.

Aliyebadilisha mambo alizaliwa Falaise, mji wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mwaka 1027. Baba yake alikuwa mtawala wa Normandy. Mama yake, Herleva, hakuwa mke wa ndoa, na inasemekana alitoka katika ukoo wa watengeneza ngozi. Baba alifariki mwaka 1035, na mtoto wa miaka saba au minane akawa mtawala. Adui zake walimwita William Mwana wa Haramu. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba alipouzingira mji wa Alençon, wenyeji walitundika ngozi ukutani wakazipiga kwa fimbo ili kumkumbusha ukoo wa mama yake. Alipouteka, wale waliomdhihaki walikatwa mikono na miguu.

Tarehe 14 Oktoba 1066 alimshinda Harold, mfalme wa Waingereza, kwenye vita vya Hastings. Siku ya Krismasi mwaka huohuo akatawazwa London, ndani ya kanisa la Westminster. Watu waliokuwa kanisani walipopaza sauti kumkubali, walinzi wake waliokuwa nje, ambao hawakujua Kiingereza, walidhani ni uasi wakachoma moto nyumba za jirani. Utawala ukaanza kwa moshi. Tangu hapo historia inamwita William Mshindi, na lile jina la kwanza likabaki kwenye vitabu.

Kijana aliyechekwa

Sasa tuone jinsi jina la mtawala linavyoingia nyumbani kwa mtu wa kawaida. Vitabu vingi vinasema tu kwamba “jina lilikuwa maarufu”, kana kwamba umaarufu ni mvua inayowanyeshea wote sawa.

Mwanzoni mwa karne ya 12, huko Whitby, mji wa pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, mtoto mmoja alibatizwa Tostig. Lilikuwa jina la Kiskandinavia, yaani la watu wa Denmark na Norway waliokuwa wamelowea sehemu hizo tangu enzi za mababu. Kwa wazazi wake lilikuwa jina la heshima. Mdogo wake Mfalme Harold aliitwa hivyohivyo, naye alikufa vitani mwaka uleule wa 1066. Lakini miaka hamsini ilikuwa imepita na walioshika ardhi, mahakama na makanisa walikuwa Wanormandy. Vijana wenzake wakalicheka jina lake. Likabadilishwa, akawa William.

Tunalijua hilo kwa sababu kijana huyo baadaye aliingia utawani Durham, akapewa jina la tatu, Bartholomew, akaenda kuishi peke yake kwenye kisiwa cha Farne mpaka alipofariki mwaka 1193. Watu walimhesabu mtakatifu, na maisha yake yakaandikwa. Wenzake wengi waliobadilisha majina hawakuandikiwa chochote. Kwao mabadiliko tunayaona kwenye orodha za kodi na hati za ardhi tu: babu ana jina la Kiingereza, baba ana la Kiingereza, mtoto William au Robert.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mtu. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba. Kilichofanya kazi ni kicheko cha watoto wa rika lake, na wasomaji wa Afrika Mashariki waliosoma shule za misheni, au waliozaliwa na waliosoma huko, hawahitaji kuelezwa zaidi. Ni wangapi waliingia darasa la kwanza na jina la nyumbani, wakatoka na jina la kwenye cheti?

Majina machache ya Kiingereza yalinusurika. Edward aliponea kwa sababu Wanormandy walimheshimu Mtakatifu Edward, mfalme aliyetawala kabla ya vita, na mwaka 1239 Mfalme Henry wa Tatu akampa mwanawe jina hilo. Leofric na wenzake walizikwa.

Wote waitwao William wabaki

Jina likipendwa mno huleta usumbufu. Katika miaka ya 1170, mtoto wa mfalme wa Uingereza aliyeitwa Henry alifanya karamu ya Krismasi huko Normandy. Wakuu wawili waitwao William wakaketi chumbani, wakatangaza kwa utani kwamba asiyeitwa William asile humo. Waliobaki walipohesabiwa, mwandishi wa wakati ule anasema, walikuwa mashujaa wa farasi 110, mbali na watu wengine wenye jina hilo waliokuwa wakila ukumbini na Henry huyo.

Hebu fikiria kumwita mmoja wao kwa sauti. Tatizo hilo ni moja ya sababu zilizowafanya Waingereza waanze kutumia ubini, yaani jina la pili linalomtambulisha mtu kwa baba, kazi, kijiji au umbo lake. Mwana wa Will akawa Wilson. Mwana wa Wilkin, yaani Will mdogo, akawa Wilkinson. Wakatoka pia Williams, Williamson, Wilkins na Wilcox, na kwa wakubwa waliozungumza Kifaransa, Fitzwilliam, ambapo *fitz* ni mwana. Baadaye ubini huo uliganda. Mtu anayeitwa Wilson leo hajui kabisa ni Will gani aliyekuwa babu yake.

Hapa kwetu Wilson limegeuka tena kuwa jina la kwanza. Wilson Kipsang, Mkenya aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin mwaka 2013, anabeba jina lenye maana ya “mwana wa Will” bila kuwa na Will yeyote. Uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi nao unamkumbuka Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929.

*Kwa ufupi: vipande viwili vya jina vilikuwa alama ya ukoo, ushindi wa 1066 ulilipa jina heshima, aibu ya kuonekana mshamba ililieneza, na wingi wa wenye jina ukazaa ubini.*

Jina moja, sura nyingi

Msomaji anaweza kukutana na jina hili mara kumi asilitambue. Zifuatazo ni sura zake za kawaida:

- Guillaume kwa Kifaransa. Ndilo utakalolisikia zaidi Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura kuliko William.
- Wilhelm kwa Kijerumani, Willem kwa Kiholanzi.
- Guglielmo kwa Kiitaliano, kama Guglielmo Marconi wa redio. Guillermo kwa Kihispania, Guilherme kwa Kireno.
- Liam, mkato wa jina hili kwa Kiayalandi, ambao siku hizi umeshika kasi kuliko jina lenyewe.
- Wilhelmina na Wilma kwa wanawake. Wilma Rudolph wa Marekani alishinda medali tatu za dhahabu za mbio kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960.
- Will, Willy, Bill na Billy kwa wale wasiopenda urefu.

W ya William na Gu ya Guillaume ni sauti moja iliyotengana njiani. Wafaransa wa Paris walipoazima maneno ya Kijerumani yenye W waliyatanguliza kwa G; Wanormandy waliiacha W kama ilivyo, na wao ndio waliovuka bahari. Kwa hiyo Walter wa Uingereza ndiye Gautier wa Ufaransa. Ama kuhusu Bill, Waingereza wa zamani walikuwa na mchezo wa kubadilisha herufi ya kwanza ya jina la mkato. Rob akawa Bob, Rick akawa Dick, Meg akawa Peg. Will hakuachwa.

Wafalme, mshairi na mbunge

Uingereza imekuwa na wafalme wanne wa jina hili. Wa pili aliuawa kwa mshale akiwinda mwaka 1100. Wa tatu, Mholanzi, alifariki mwaka 1702 baada ya farasi wake kujikwaa, inasemekana kwenye kichuguu cha fuko. Adui zake wakawa wanainua bilauri kumshukuru fuko. Wa nne alifariki mwaka 1837 bila mrithi wa ndoa, na kiti kikaenda kwa mpwa wake Victoria. Wa tano bado ni mwana wa mfalme, aliyezaliwa mwaka 1982, na alimchumbia mkewe nchini Kenya Oktoba 2010.

Yupo William mwingine ambaye hakuwa na taji na amewapita wote. William Shakespeare alibatizwa mjini Stratford tarehe 26 Aprili 1564. Saini zake sita zimesalia, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoandika jina lake leo. Katika baadhi yake hata William amelifupisha. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu kupitia Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Hilo neno “mabepari” kwenye jalada ni la Mwalimu. Shakespeare alisema mfanyabiashara, mmoja tu.

William Wilberforce, mbunge, alipigania miaka mingi sheria ya kukomesha biashara ya watumwa, ikapita mwaka 1807. Muswada wa kuwaachia huru watumwa wa makoloni ulipita Bungeni Julai 1833. Akaletewa habari akiwa kitandani, na siku tatu baadaye akafa. Wanaomsifu waongeze kwamba sheria ile haikufika Zanzibar. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya vitisho vya manowari za Waingereza.

Akina William waliofika kwetu

Ukipanda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani na Taru, utafika mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Huyo ni Sir William Mackinnon, Mskoti mwenye meli. Kampuni yake ilianza kuleta barua na abiria Zanzibar kwa meli za moshi mwaka 1872, na mwaka 1888 alipewa hati ya kifalme ya kuendesha nchi ambayo baadaye ikawa Kenya, kama mtu anavyopewa leseni ya duka. Kampuni iliyopewa hati hiyo ilifilisika kabla ya mwaka 1895 kwisha. Wasafiri wanaosimama hapo leo husimama kwa ajili ya Sayyid Baghali, ambaye kaburi lake liko kando ya reli. Mackinnon hawamuulizi.

Akina William wawili wengine walituachia kitu cha maana zaidi. Mmisionari William Taylor, aliyekaa Mombasa miaka ya 1880, alishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo mengi yalikuwa vichwani mwa watu. Wote walipokwisha kufa, William Hichens aliyachukua maandishi yale akayachapisha kama diwani mwaka 1940. Nasema wazi kwamba bila Sikujua wasingepata kitu. Yeye ndiye aliyejua nani amehifadhi nini. Ila jina lililokaa juu ya jalada, mbali na la Muyaka, ni la Hichens.

Wa nne alikuja kwa Kijerumani. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, juu ya Mlima Kilimanjaro, na Meyer akakipa jina la mfalme wake, Wilhelm wa Pili. Huko Usambara, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. Kwa hiyo kwa miaka mingi sehemu ya juu kabisa ya Afrika ilikuwa na jina hilihili la nia na chapeo. Mfalme mwenyewe alishindwa vita, akakimbilia Uholanzi Novemba 1918 na kuhifadhiwa katika nchi ya Malkia Wilhelmina. Mtu na wajina wake. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge pale juu, mita 5,895, na kilele kikawa Uhuru.

Mtoto, baba, babu

Milima ilivua jina, watu hawakulivua. Lilipoingia kwenye familia za Tanzania lilikuta utaratibu wake: jina la mtoto, la baba, kisha la babu au la ukoo. Benjamin William Mkapa, Rais wa Tatu wa Tanzania, alikuwa Benjamin mwana wa William. Katika utaratibu huo William huanza mbele, kizazi kinachofuata husogea katikati, kisha huenda mwisho, na kwa familia zisizoshika jina la ukoo hutoka kabisa kwenye fomu. Haligandi kama Wilson wa Uingereza.

Tarehe 28 Agosti 2000, Mkapa alikuwa mwenyeji Arusha wakati mkataba wa amani ya Burundi, uliosimamiwa na Nelson Mandela, ulipotiwa saini. Miongoni mwa wageni alikuwepo Rais wa Marekani, William Jefferson Clinton. Mmoja alikuwa William kwa sababu ya baba yake. Mwingine alikuwa William kwenye karatasi tu, maana dunia nzima ilimwita Bill.

Kenya wamefanya lao. William Kipchirchir Samoei arap Ruto, aliyeapishwa kuwa Rais mwezi Septemba 2022, analo jina la ubatizo mbele na ya Kikalenjin nyuma yake, pamoja na *arap*, yaani mwana wa, ambayo inafanya kazi ileile ya *fitz* ya Wanormandy.

Ningeulizwa na mtoto wa darasa la tatu nimtajie mmoja tu, nisingemtajia mfalme wala rais. Ningemtajia William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliwakosesha wazazi wake karo, akaacha sekondari akiwa na miaka 14. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha sayansi chenye picha za mitambo ya upepo. Akaokoteza baiskeli mbovu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, ambayo aliyapasha moto na kuyanyoosha yawe mapanga, akavifunga juu ya mnara wa magogo ya mkaratusi. Majirani walidhani amerukwa na akili, mpaka balbu ikawaka. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa kidogo. Kitabu alikifuata kwa michoro.